Maji ya Mikono Kyoto

Mama alitaka kurudi Nakuru, mimi nilitaka abaki nami huku ughaibuni, Euless. Tulikuwa tumevutana kwa miezi. Mimi hufanya kazi uwanja wa ndege, na jamaa za wafanyakazi husafiri kwa bei ya chini viti vikibaki, basi nikampeleka Kyoto. Nilidhani akiiona dunia kidogo atakubali kwamba kuishi nami kuna raha yake. Ndivyo ninavyofikiri nikishikwa na ukaidi.

Hakuingia hekalu hata moja. Alikaa langoni, mkoba mapajani, akisema, "Enda uone, mimi nitakuombea hapa. Hiyo si nyumba ya Mungu wangu." Nilizunguka peke yangu kwenye bustani za changarawe zilizochorwa mistari kwa reki, nikipiga picha huku hasira zimenipanda. Safari yote hiyo, mtu aje kukaa kwenye benchi!

Siku ya mwisho nilirudi langoni nikamkuta amesimama. Kando ya lango palikuwa na hodhi la mawe ambako watu hunawa kabla ya kuingia, kila mmoja akijichotea kwa kata ya mwanzi. Bibi mmoja Mjapani, mzee kuliko mama, alishindwa kuiinua kata iliyojaa. Mama aliipokea, akakunja magoti kidogo kama tunavyowanawisha wageni kwetu, akammwagia maji.

"Mum, please, huku kila mtu hunawa mwenyewe," nilimnong'oneza. Niliona aibu.

"Nyamaza. Utaachaje mzee ajimwagie maji?"

Yule bibi aliinama. Kisha akaichukua kata, akachota, akammwagia mama. Nusu ya maji iliishia kwenye viatu. Mama alisugua viganja kwa muda mrefu, na nilipomtazama usoni alikuwa analia.

"Tangu nije kwako hakuna mtu amenimwagia maji," alisema. "Mnanawa kwa sinki, kila mtu na saa yake. Kila mtu na sahani yake kwa bedroom. Mimi nakula na TV."

Majibu nilikuwa nayo: shifti, foleni za barabarani, masomo ya watoto. Lakini maneno yake yaliniuma sana, kwa sababu yalikuwa kweli.

Tuliporudi nilimkatia tikiti ya kurudi Nakuru. Jioni ya kumuaga nilipika ugali na kuku, nikawaita watoto mezani. Walikuja wakiuliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikachukua jagi la maji ya vuguvugu na beseni, taulo begani, nikapiga goti mbele ya mama. Alinyoosha mikono, nikammwagia, watoto wakitazama. Nilipomaliza alijifuta kidole kimoja kimoja, akanirudishia taulo.

"Hii ungeanza nayo," akasema.