Yai Lenye Mabaka

Harufu ya Pasaka nyumbani kwetu haikuwa ya pilau wala ya ubani. Ilikuwa ya maganda ya vitunguu yanayochemka. Mama aliyakusanya Kwaresima nzima kwenye kiroba nyuma ya mlango wa jikoni, maganda mekundu ya vitunguu vya Mang'ola, na ole wake mtoto ambaye angeyatumia kuwashia moto. Jumamosi Kuu aliyamwaga kwenye sufuria kubwa pamoja na siki kidogo, na kufikia adhuhuri mablanketi, mapazia na nywele zetu vilinuka vitunguu. Ufundi wa kupaka mayai rangi aliupata kwa masista wa kizungu aliowapikia alipokuwa msichana, na pale kijijini, juu kidogo ya Karatu mjini, hakuna mwanamke mwingine aliyeujua. Wenzake walipamba sebule kwa maua ya karatasi na maputo, wakakaanga maandazi, basi. Mama alifanya hayo yote, kisha akabeba bakuli la mayai kwenda kanisani likabarikiwe, akitembea nalo kwa madaha utadhani ameyataga yeye.

Mwaka ninaoukumbuka tulikuwa na Naserian. Baba yake, mfugaji wa Kimasai kutoka Olbalbal aliyezoea kumuuzia baba yangu ndama, alikuwa amepoteza ng'ombe karibu wote kwa ukame, akamleta binti yake kwetu apate kusoma. Tulikuwa rika moja, tukilala kitanda kimoja. Mama alimpokea kwa maneno matamu mbele ya watu na kwa ndoo za maji nyuma ya nyumba. Naserian alifanya kila alichoambiwa, isipokuwa kula mayai. Kwao, wakati ule, kuku na mayai yake havikuwa chakula cha watu, na baba yake alimwachia agizo hilo moja tu siku alipomleta. Jambo hilo lilimkera mama kuliko utundu wetu wote. Alisema mtoto kabatizwa lakini tumbo bado liko porini.

Mayai yalipambwa hivi: unalizungushia yai majani ya karoti, unalifunga kwa kitambaa, unalichemsha na maganda, na ukilifungua unakuta alama ya jani imebaki nyeupe. Mama alifunga haraka haraka. Naserian, aliyejifunza kupanga shanga kabla ya kujifunza kusoma, alichanachana maganda vipande vidogo, akavipanga kimoja kimoja juu ya yai na kukaza uzi. Yai lake la mwisho lilipofunguliwa lilikuwa na mabaka ya kahawia na meupe. Aliniambia ndivyo alivyokuwa ng'ombe wa mwisho wa baba yake kufa, yule ambaye alipoanguka mzee alimwimbia hadi asubuhi. Baba yake, ambaye yeye humwita Papa, angekuja kumwona Jumatatu ya Pasaka, naye alitaka kumpa yai hilo. Alimwomba mama. Mama akasema sawa, bila kugeuka.

Kosa la Naserian lilikuwa kulifanya yai likawa zuri mno. Jumapili kanisani watu waliinamia bakuli, na kila aliyeinama aliuliza habari za yai lile lile. Mke wa katekista akataka kujua aliyelitengeneza, akamshika Naserian shavu. Mama alitabasamu kwa meno tu. Tuliporudi nyumbani na wageni wameketi mezani, alilichagua yai lenye mabaka katikati ya mengine yote, akamwita.

"Naserian, mwanangu, Kristo amefufuka. Kula."

"Mama, hilo ni la Papa."

"La papa yako? Kwani kuku ni wa papa yako?" Wageni wakacheka. "Kama chakula changu ni uchafu, kesho ondoka naye ukachunge mbuzi."

Akaligonga kwenye ukingo wa meza, akabandua mabaka vipande vipande, akanyunyiza chumvi na kumkabidhi. Naserian alitafuna kwa muda mrefu, machozi yakimtoka bila sauti, macho yake yakiwa kwenye maganda. Alipomeza wageni walipiga makofi. Halafu akaokota maganda yale yote, akayafunga kwenye kona ya kanga.

Baba yake alifika Jumatatu na kibuyu cha maziwa. Kwao mtoto humsalimu mzazi kwa kuinamisha kichwa, naye mzazi huweka kiganja juu yake. Mkono hupewa mgeni. Naserian aliinama, akaguswa, na uso wake ukafunguka. Mama alimsubiri mzee anywe chai kidogo, ndipo akasimulia kwa kicheko jinsi mtoto wake alivyostaarabika hata akala yai. Mzee alicheka kwa adabu, akamaliza chai, akashukuru. Wakati wa kuaga Naserian aliinamisha kichwa tena. Aliinama hapo mpaka nikaona shingo yake inatetemeka. Hatimaye baba yake alimnyooshea mkono, akangoja aushike, akaenda zake. Maganda yalibaki kwenye kanga.

Siku hizi hoteli za Karatu hupaka mayai rangi za pakiti kwa ajili ya watalii, na huko Olbalbal kuku wanaparua milangoni. Mama anaishi kwangu, miguu imemwishia nguvu. Kila Pasaka namchemshia yai kwa maganda ya vitunguu, namenya, namlisha, naye huwasimulia wanangu kisa cha yule mtoto wa Kimasai, akicheka mpaka anapaliwa. Nampiga mgongoni apumue. Nampenda, na kwa dakika hiyo namchukia.

Juma la Mateso lililopita nilikutana na Naserian sokoni. Ni mwalimu sasa, ana watoto wakubwa. Alikuwa akifunga trei za mayai nyuma ya bodaboda, nikamtania kwamba naye kaanza biashara.

"Ni ya Papa," alisema. "Nampelekea kila nikienda. Anayapenda kuliko wajukuu zake."

Nilicheka, kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama siku hizi akiinama mzee humgusa kichwa.

Alikaza kamba, akajaribu fundo kwa kidole.

"Ananipa mkono," alisema.