Fulana za Mjomba

Jumamosi nilikuwa nakula dampling kwa Mchina wa Iyunga, yale madonge madogo ya unga yenye nyama ndani, wakaingia wanaume wanne waliotoka kuzika. Wote walivaa fulana nyeupe zenye picha ya marehemu kifuani. Wakaagiza sahani mbilimbili huku wakilalamika kwamba wali wa msibani ulikuwa mbichi.

Mmoja akadondosha sosi, ikatua kwenye paji la uso la marehemu. Akaifuta kwa kidole gumba, akakilamba, akaendelea kula.

Dada mhudumu mwenye aproni, aliyeleta pilipili, akabaki ameikodolea macho ile picha.

"Samahani, kaka. Huyu mzee amefariki?"

"Mjomba wetu. Tumemzika leo."

"Jamani, poleni. Alikuwa anakuja hapa jioni. Dampling zinazopasukia sufuriani hatuuzi, kwa hiyo mama mpishi alikuwa anamwekea yeye."

"Utakuwa umemfananisha, dada."

"Hapana, kaka. Alikuwa anakaa hapohapo ulipokaa. Anasema ana wapwa wengi hapa mjini, ila kazi zimewabana."

Wakaacha kutafuna. Aliyedondosha sosi akafunika kifua kwa kiganja, kisha akasema, "Tufungie zilizobaki."

Huku kwetu fulana za msiba hazikosi kupatikana, tena kila mtu na saizi yake. Mle ndani marehemu alivaliwa na watu wanne. Aliyemfahamu alivaa aproni.