Digrii Tano za Bluu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Brashi. Alikuwa ameandika mabango kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo alitamani kitu kimoja tu: karakana yenye paa, asianike tena vibao vyake juani kama nguo za watoto. Kiwanja kitupu kilichokuwa mbele ya nyumba yake kilimtoa udenda. Mwenyekiti wa mtaa alipopitisha karatasi za maoni nyumba hadi nyumba, kuuliza pajengwe nini, fundi alikuwa kazini, wala hakuwa na wasiwasi. Karatasi hazikutaka majina, na mkewe angejaza. Nani aliijua ndoto yake kama mkewe?

Juma lililofuata mwenyekiti, mama mwenye haraka zake, akamletea matokeo. Alitaka yachorwe kama duara kubwa kwenye ukuta wa ofisi, ligawanywe vipande, hata asiyejua kusoma aone. Nyumba zilikuwa sabini na mbili. Soko thelathini, uwanja wa mpira ishirini na tatu, karakana kumi na nane. Mkiani kabisa ilibaki nyumba moja: paachwe kama palivyo.

Alasiri hiyo fundi alikaa mezani na penseli. Duara zima ni digrii mia tatu na sitini. Akagawa kwa sabini na mbili, akapata tano, bila hata baki. Basi kila nyumba ilikuwa na digrii zake tano. Soko mia na hamsini, mpira mia na kumi na tano, karakana tisini, robo kamili. Soko limeshinda, haya, lakini robo si haba. Akaikodolea macho robo ile mpaka ikawa na mlango mpana na harufu ya rangi mbichi, na yeye yumo ndani, anapiga mluzi, mvua inanyesha nje na haimhusu.

"Mama watoto," akasema alipozinduka, "kuna mtu kaniacha hoi. Eti kiwanja kibaki kitupu. Sijui ana akili gani huyo."

Mkewe alikuwa akikunja shuka. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Utampaka rangi gani?"

"Kijivu. Au nimruke tu, nani atajua?"

"Mpake bluu," mkewe akasema taratibu. "Ile ya mlango wetu."

Fundi akainua kichwa. Mkewe alikuwa ameshageukia dirisha. Nje, upepo ulikuwa ukizilaza nyasi za kiwanja na kuziinua, ukizilaza na kuziinua. Kila siku akirudi kutoka kazini humkuta hapohapo, mikono mapajani, macho yamekwenda mbali, naye siku zote aliamini anasubiriwa yeye. Ilimchoma. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hajawahi kumuuliza anaangalia nini.

Kesho yake alipigilia msumari katikati ya ukuta, akafunga kamba, na chaki mwisho wa kamba, akazungusha. Pembe alizipima kwa kipimapembe cha bintiye. Soko akalipaka nyekundu, mpira kijani, karakana njano. Hapo mwenyekiti akatokea.

"Fundi, hicho chembamba kiache. Kinaharibu picha."

"Nikikiacha duara halifungi, mwenyekiti. Patabaki ufa."

"Si uwaongezee soko? Digrii tano ni kitu gani?"

"Ni nyumba nzima."

Akachovya brashi, akaivuta kutoka katikati hadi ukingoni, polepole, pumzi ameibana. Mwenyekiti akainamisha shingo kutazama.

"Haya, nyumba ya nani hiyo inayotusumbua hivi? Wewe unajua?"

"Ni kwangu," fundi akasema, akapiga mkono wa pili wa rangi.