Mchungaji Aliyemfuta Kaka Yangu

Siku hizi kila Jumapili mchana redio hupiga nyimbo za miaka ya themanini, na mtangazaji hucheka peke yake kama mtu aliyekunywa: "Mnakumbuka? Mnakumbuka?" Watu wazima ninaopanga nao kwenye ploti wanatingisha vichwa, macho yamelegea, eti raha za zamani. Raha gani? Mimi nikisikia vile vinanda na zile ngoma zinazolia kama mtu anagonga sufuria, nataka kurusha kitu. Na nitasema ni kwa sababu ya nani. Majina sitaji, lakini wakisoma watajijua.

Kaka yangu aliuza makaa mtaani Silanga. Tuliishi chumba kimoja, mimi na yeye, tangu tutoke nyumbani kule ziwani. Alikuwa na redio kaseti, na kila wimbo wa Kizungu uliovuma aliuwinda: amekaa, kidole cheusi juu ya kitufe cha kurekodi, mimi nimekatazwa hata kukohoa. Wimbo ukiisha, kabla mtangazaji hajafungua mdomo, anazima stesheni, kaseti inaendelea kurekodi, anasogeza mdomo kwenye kile kitundu cha redio, anatangaza mwenyewe.

"Hii ni stesheni ya Silanga! Salamu zimwendee dadangu anayejiita mpishi. Ugali imeungua, majirani wameita maji!"

Nyuma yake unanisikia nikimtukana huku nacheka. Kaseti nzima ilikuwa hivyo, wimbo, kelele zake, wimbo, kelele zake. Ilipojaa, alivunja vile vijino viwili vya plastiki vya juu, ili redio ikatae kurekodi kitu kingine juu yake.

"Hapo hata shetani hafuti," akaniambia.

Kweli shetani hakuifuta.

Kaka alikufa na kifua, miaka ya tisini ikianza. Picha yake tulikuwa na ile ya kitambulisho tu, na hapo ametoka kama mwizi. Kwa hivyo nilipoolewa Kawangware, nilibeba kaseti.

Wa kwanza kunimaliza ni wifi yangu, dada ya mume wangu. Alikuwa ameokoka katika kanisa moja la mabati, na kila akija ananikuta nafua nguo, kaseti inaimba. Mtoto wangu alipoanza kukohoa, akakimbia kumwambia mchungaji kwamba kwetu kuna maiti anaongea kwa redio. Mchungaji akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mume wangu.

"Mama, hiki kikohozi kimeingilia mlango, na mlango ni hiyo kaseti. Lakini mimi siigusi. Mwenyewe huileta kwa mkono wake."

"Ni sauti ya kaka yangu tu, mchungaji."

"Kaka yako aliimba Kizungu?"

Wifi akacheka. Mtoto akakohoa.

Jumapili nikaipeleka. Kaseti na mambo mengine yote ya dunia yalitiwa gunia moja, tukaimba, gunia likapelekwa nyuma kuombewa kwanza, likarudi, likamiminwa motoni. Nilifunga macho kwa heshima. Wajinga ndio waliwao, na mimi nilijipakua mwenyewe kwenye sahani. Mtoto aliendelea kukohoa mpaka mvua zikaisha.

Miezi ikapita. Siku moja wifi akaniletea zawadi, kaseti ya mahubiri, maana mchungaji sasa alikuwa anaziuza pale kanisani. Tukaiweka nikisonga ugali. Mchungaji alinguruma weee kuhusu Yona, tukageuza upande wa pili, akanguruma tena, akasema amina, ikalia *tak*, halafu ikaingia katikati ya wimbo ninaoujua. Wimbo ukaisha.

"Hii ni stesheni ya Silanga!"

Mwiko ulianguka.

"Yesu," wifi akasema.

"Muache Yesu. Mwite mchungaji wako."

Niliitoa nikaigeuza. Vile vitundu vya juu vilikuwa vimeshindiliwa karatasi na kufunikwa selotepu, kazi safi kabisa. Kwa hivyo mtu aliona vijino vimevunjwa, akajua mwenye kaseti hakutaka ifutwe, akakaa chini akaitengeneza. Motoni yaliingia makasha matupu na kaseti mbovu.

Nilimkuta nje ya kanisa na kina mama. Nikaiinua juu.

"Mchungaji, hii uliichoma lini?"

Akatabasamu. "Dada, hata wana wa Israeli walibeba vyombo vya Wamisri, wakavitumia kwa kazi ya Bwana."

"Walibeba. Hawakusema wamechoma."

Mama mmoja akaficha kicheko kwa leso. Mchungaji akanyoosha mkono. "Basi lete niifute vizuri, isikusumbue."

Nikaitia kwenye sidiria. "Kuja uitoe."

Hakuja. Na msamaha hajawahi kuomba. Wifi ndiye huniambia nisamehe, yeye ambaye hajapoteza hata kijiko.

Upande mmoja ni Yona mwanzo mpaka mwisho. Upande wa pili umebaki ule mkia wa wimbo na ile salamu ya ugali. Niliicheza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa rangi ya kucha, na pale nilipounga pamemeza neno "dadangu".

Sasa Jumapili wanaupiga wimbo huohuo, mzima, safi. Ukifika mwisho, palepale kaka anapotakiwa kuingia, anaingia yule mtangazaji na kicheko chake.

"Mama, mbona unatuzimia redio?" majirani hulalamika.

Mimi huizima kabla wimbo haujaisha.