Mechi za Baba Kule Bulembia

Mama alipofariki, baba yangu alihamishia kiti chake nyuma ya nyumba akakigeuza kikaelekea ukuta. Hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa askari tangu ujana wake, na hata alipostaafu watu wa mtaa wetu wa Bulembia waliendelea kumwita afande, naye aliendelea kufagia ua alfajiri kana kwamba kuna mkubwa anakuja kukagua. Sasa alikaa tu. Mimi nauza katika duka la dawa kule Bwera, na kila Jumamosi nilikuwa nafunga mapema nakwenda kwake na maharage, sabuni, samaki wa Katunguru. Nilipika, akala kidogo, akasema asante. Alitulea kwa Kiswahili cha kambini, maneno machache na yote amri, lakini siku hizo hata amri zilikuwa zimemwishia.

Ijumaa moja akanipigia simu.

"Kesho usikuje."

"Kuna nini, Baba?"

"Niko na mechi."

Niliogopa kwamba akili imeanza kumtoka. Nilikwenda vilevile, nikakuta nyumba imefungwa, na jirani akanionyesha kwa kidole kule juu, kwenye uwanja wa tenisi uliobaki tangu enzi za mgodi wa shaba. Kwa miaka mingi ulikuwa mahali pa kuanikia nguo na mihogo. Mwalimu mmoja wa michezo, aliyejifunza mchezo mpya huko Kampala, alikuwa ameng'oa nyasi kwenye nyufa, akapaka mistari mipya, akafunga wavu mfupi na kuwaita watu wazima wa mtaa. Mchezo wenyewe unaitwa pikoboli. Wanacheza wawili kila upande, kwa vibao vinavyofanana na ubao wa kukatia mboga, na mpira wa plastiki wenye matundu. Mpira huo hauna haraka. Mtu mwenye magoti mabovu anaufikia, na akiufikia mara moja anaamini ataufikia tena.

Karibu na wavu kuna kipande ambacho huruhusiwi kusimama ndani yake ukapiga mpira ambao haujadunda. Wanakiita jikoni. Nilipofika, mama mmoja mwenye kitenge kilichofungwa juu ya suruali alikuwa anamwambia baba yangu, "Afande, toka jikoni. Mwanaume anatafuta nini jikoni?" Na baba akacheka. Nilisimama nje ya waya na mfuko wangu wa samaki nikilia, maana nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo la jino ambalo huonekana akicheka tu.

Mama huyo alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka wakati vita ilipofika kwao, akapanga chumba Kasese. Kinande chake na lugha yetu ya Lhukonzo ni ndugu, kwa hiyo yeye na baba waligombana kwa lugha hizo mbili, na walipochoka wakahamia Kiswahili. Ndiye aliyekuwa mwenzake wa upande mmoja.

Kwa miezi kadhaa nilimshukuru Mungu. Kisha nikaanza kuona jinsi mambo yanavyokwenda. Baba alicheza asubuhi, na jioni akacheza tena. Mvua ikinyesha alisimama mlangoni na kibao mkononi akitazama mlima. Siku ambazo hakuna mtu uwanjani alipiga mpira kwenye ukuta wa nyumba, tak, tak, tak, mpaka jirani akanipigia simu Bwera kuniomba nizungumze naye. Nilipompigia kuuliza kama amekula, alinieleza mpira aliouweka kwenye kona ya nyuma ambao hakuna aliyeuona ukipita.

Tulipofanya maombi ya kumkumbuka marehemu mama yangu, ndugu walishuka kutoka Kyarumba tangu alfajiri, shangazi zangu wamebeba ndizi na maharage kichwani. Mchungaji akafika. Baba hakuwepo. Aliingia wimbo wa pili ukiimbwa, raba zimejaa vumbi, shati limeloa jasho, akakaa nyuma kabisa. Shangazi mkubwa alingoja watu wamalize kula. Ndipo akanivuta pembeni.

"Kaka yangu amerogwa au ni nini?"

"Ni mchezo tu, Shangazi."

"Mchezo tu. Na wewe ndiye mtoto wake wa karibu. Mwambie."

Nilimwambia Baba. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya wilaya nyingine.

Baadaye miguu yake ikaanza kuvimba. Nilimpeleka kwa daktari, akapimwa, tukaambiwa moyo umepanuka na unafanya kazi kwa shida. Daktari alizungumza naye taratibu, akampa dawa ambazo mimi mwenyewe nawauzia wazee wengine kila siku, akamwambia kutembea polepole kunatosha, asikimbie tena. Baba akasema, "Ndiyo, daktari." Jumamosi iliyofuata nikamkuta uwanjani.

Niliingia moja kwa moja nikamshika mkono. Mchezo ulikatika.

"Baba, twende nyumbani."

"Mimi iko sawa."

"Hauko sawa. Daktari alikuambia mbele yangu."

Akaninyooshea kibao. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. "Haya. Mimi nakaa. Lakini wewe cheza, hawa watu watabaki watatu."

Nilikubali ili akae. Yule mama wa vitenge akanionyesha pa kusimama. Mipira ya kwanza ilinipita. Mmoja nikaupiga ukaenda kwa kina mama wanaoanika mihogo. Halafu ukaja mmoja polepole, ukiwa juu kidogo ya wavu, nikauona mzima mzima, matundu yake yote, nikaupiga ukaangukia pale nilipotaka. Sijui nieleze vipi. Mimi ni mtu ambaye kichwani kuna duka, kuna ada za shule, kuna baba, kuna simu ya shangazi. Kwa muda ule hakukuwa na chochote kati ya hivyo. Nilipotazama tena jua lilikuwa limeshagusa mlima, gari la mwisho la Bwera sikulikumbuka, na baba alikuwa ananiamrisha kutoka kwenye benchi, "Rudi nyuma. Ngojea mupira. Ngojea."

Yule mama alinisindikiza mpaka barabarani.

"Sasa umeona," alisema. "Kwa nyumba mi niko nawaza tu. Nyumba yetu kule, beko nani ndani sasa, sijui. Hapa mupira ikikuja unawaza mupira. Inaisha, unaomba ingine."

"Lakini mchezo huu utamuua."

Hakukataa. "Na kile kiti chake ya nyuma ya nyumba?" aliuliza. "Alinielezeaka."

Nililala kwa baba usiku ule bila kuongea naye juu ya dawa wala daktari, kwa sababu sikujua nitaanzia wapi.

Alianguka wakati wa mavuno ya kahawa. Simu ilinikuta nampimia mteja dawa ya kikohozi. Wala hakuwa anacheza. Alikuwa ameinama kuokota mpira. Mwalimu wa michezo na yule mama walimbeba mpaka barabarani wakapata gari. Nilipofika hospitali alikuwa hai, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa hapo na mtu mwingine. Mama wa vitenge alikuwa amekaa sakafuni anasali rozari. Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira hiyo nikaikosa, nikakaa karibu naye.

Sasa anatembea na fimbo. Maneno yamerudi, sauti imebaki chini. Nilimchukua Bwera nikamweka kwangu, akafifia mbele ya macho yangu, akaanza tena kuchagua viti vinavyotazama ukuta. Akaomba arudishwe nyumbani. Nikamrudisha, nikijua anaomba nini.

Jumamosi iliyopita tulikuwa uwanjani. Wanamwekea kiti cha plastiki karibu na mstari, anashika kibao kwa mkono wa kushoto, na yule mama anamrushia mipira taratibu kutoka upande wa pili. Mingi inaishia kwenye wavu. Mama huyo anaifuata, anaiokota, anarudi mahali pake, anarusha tena. Mimi nilikuwa na vidonge vyake kwenye mkoba na maji kwenye chupa. Shangazi akapiga simu.

"Umemkataza?"

"Nimemkataza."

"Akasemaje?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, macho yameshaanza kuufuata mpira kabla haujatupwa.

"Anasema ningojee kidogo, Shangazi," nilimjibu. "Bado hajamaliza."