Idadi ya Ngamia

Jirani yangu, mama auzaye maziwa ya ngamia, hapokei jerikeni kabla ya kunusa kifuniko chake. Hufumba macho, huvuta pumzi, kisha huguna. Mimi nauza miraa mlango wa pili, na sauti yake ndiyo huniamsha nikisinzia. Siku waliyokuja wageni sikuisikia. Walitoka kampuni kubwa ya Nairobi inayotia mtaji katika biashara changa za wanawake, na jirani yangu alikuwa amewangoja tangu mvua za mwaka jana. Msichana mwenye kompyuta akamuuliza kwa upole, "Mama, uko na ngamia ngapi?" Kwa watu wa jirani yangu mifugo haihesabiwi kwa mdomo, ukitaja idadi, kifo kimesikia. "Ziko, alhamdulillahi," akajibu. "Tunahitaji namba, mama. Bila namba wakubwa hawatakubali." Jirani akanitazama kana kwamba ningemkataza. Akailamba midomo, akaitaja namba, mkono wake umeng'ang'ania fremu ya mlango. Gari lao halijafika hata barabarani, alikuwa ameshampigia mchungaji wake kule malishoni Kulamawe. "Halkano, ziko zote?" Ziko, akajibiwa. Akakaa juu ya jerikeni, simu bado sikioni. "Ziangalie tena," akanong'ona. "Lakini usihesabu."