Siku Jirani Yetu Alipotaja Magonjwa ya Kamionete

Mwezi wa tatu mwaka 1993 tulipoteza majirani wetu wa upande wa kushoto. Nasema tulipoteza kwa sababu sina neno lingine. Siku ile hakuna aliyekufa katika nyumba yao. Walitoka tu, na hawakurudi.

Walikuwa watu wa Kasai, lakini kwa upande wa babu zao. Mume alizaliwa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, na mke wake alizaliwa Likasi. Kasai yenyewe waliijua kwa masimulizi. Sisi tulitoka kaskazini ya Katanga. Kati yetu palikuwa na uzio wa matete, na chumvi ilipita juu ya uzio ule miaka mingi bila mtu kuuliza ni ya nani. Mke wake nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinitangulia kuzaa, na ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza.

Mume wangu alikuwa dereva mgodini. Mgodi ulikuwa unaanguka. Mishahara ilichelewa, ikachelewa tena, mwisho watu wakaacha kuiulizia. Kwa hiyo mume wangu alitaka kununua kamionete ya jirani, motokari ndogo ya mizigo, apate kuleta unga wa muhogo kutoka upande wa Kasaji na kuuza sokoni Manika. Bei walikuwa wamepatana kabla ya fujo za kuwafukuza Wakasai, na baada ya fujo kuanza mume wangu hakuipunguza. Nalisema hilo kwa kuwa wengine walipunguza. Niliona kitanda kizuri cha mbao kikienda kwa beseni moja la unga. Niliona cherehani ikichukuliwa bure, mwenyewe amesimama anaangalia.

Katika mtaa wetu motokari iliyokwisha kutumika haikununuliwa hivihivi. Karatasi za kontrole, yaani za ukaguzi, zilikuwapo, lakini karatasi mtu aliweza kuipata bila motokari yenyewe kuonekana. Sisi tulikuwa na namna yetu. Kwanza mnunuzi aliuliza ilikotoka: ilikuwa ya nani, ililala wapi, ilibeba nini, iligonga nini. Motokari iliyobeba mawe ya shaba watu waliiogopa, maana chini yake huliwa na kutu upesi. Halafu waliipakia mifuko ya mchanga na kuipandisha mlima ulio nyuma ya parokia, wakaishusha. Na kubwa kuliko yote, muuzaji alitaja magonjwa. Alisimama mbele ya motokari, mkono juu ya boneti, akasema kila ubaya anaoujua, na mtu mmoja asiyepata kitu katika biashara ile alisikiliza. Kama alificha ugonjwa, motokari ilirudishwa hata baada ya miezi, na hakuna mtu angenunua tena kwake hata kuku.

Asubuhi ile vijana walipita na filimbi tangu jua lilipochomoza. Walikuwa wakipiga milango ya Wakasai na kuwaambia waende stesheni, warudi kwao. Jirani alikuja kwenye uzio, amevaa koti lake la kanisani.

«Tata,» alimwambia mume wangu, kama tunavyowaita wanaume wote kwa heshima, «kuja tuangalie kamionete.»

«Tuangalie nini tena? Ile motokari naijua kuliko bibi yangu.»

«Kama unajua bibi yako vile, basi angalia yote mbili.»

Walicheka. Mimi pia nilicheka, na nikaona aibu ya kucheka siku kama ile.

Yaya hakucheka. Alikuwa akifunga mabulungutu kwa vitenge. «Bantu beko banatufukuza,» alisema, «na ye anafanya kontrole! Tata, hiyo motokari njo itakuzika?»

«Nitauzia muntu kintu chenye sikumuonesha? Kule tunaenda, batasema niliiba,» mume wake alimwambia.

«Nani atasema? Kule hakuna mwenye kukujua.»

Mume wangu alikuwa amekwisha kulipa, na fedha yaya alikuwa ameishona ndani ya nguo yake. Yaya alinitazama kana kwamba mimi ningeweza kumgeuza mume wake. Stesheni watu walikuwa wamelala kwenye sakafu wakingoja treni, na hakuna aliyejua itakuja lini. Wengi walisema haitakuja wiki ile. Kwa hiyo walikubaliana yaya atangulie na watoto, akamate mahali pa kukaa, mume amfuate. Nilimsaidia kumfunga mdogo mgongoni. Alinishika shavu.

«Umwambie amalize upesi,» alisema. «Wewe atakusikiliza.»

Nilibaki kwa sababu siku ile hakupatikana mtu mwingine, na mimi, ingawa ni mke wa mnunuzi, ndiye niliyekuwa msikilizaji. Jirani aliweka mkono juu ya boneti akaanza. Kamionete ilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa Likasi. Haikubeba mawe hata siku moja. Karibu na Fungurume iligonga ng'ombe, na mlango wa kushoto si wake wa kwanza. Inakunywa mafuta mengi ikipanda. Kisha akasema, «Tena ilibeba sanduku ya mutoto wetu.» Tulilijua jambo hilo. Tulikuwa ndani yake siku ile ya mazishi, mimi na yaya, nyuma, na sanduku kati ya magoti yetu. Sijui kama huo ni ugonjwa wa motokari. Yeye aliutaja pamoja na mengine.

Halafu wakaenda mlimani. Walirudi mapema, na jirani alikuwa amekunja uso. Wakati wa kushuka frene, yaani breki, ilivuta kushoto. Alilala chini, akatoa gurudumu, akaonyesha unyevu: mpira mdogo wa ndani ulikuwa umekatika, mafuta ya frene yanavuja.

«Huo ugonjwa sikuujua,» alisema. «Ni mupya.»

«Sasa nimeujua mimi,» mume wangu alisema. «Twende stesheni. Kesho nitaununua ule mpira Manika.»

«Kesho utapakia unga mbele ya kuununua. Nakujua.»

«Nakuapia.»

«Tata, uko na batoto. Siwezi kukuachia frene ya vile.»

Mume wangu alijua kwamba Manika si mahali pa jirani siku ile. Akachukua baiskeli akaenda mwenyewe. Jirani alibaki chini ya kamionete, katika ua wetu, akisafisha chuma kwa kitambaa. Vijana wawili walisimama mlangoni.

«Mama, huyu ni nani chini ya motokari?»

«Ni fundi.»

«Fundi gani anavaa koti?»

«Fundi wangu. Wewe unataka kumulipa?»

Mmoja alicheka. Mwingine aliinama akaangalia viatu vya jirani, akaviangalia sana. Halafu filimbi ilipigwa mtaa wa pili, wakakimbilia huko. Jirani hakutoka chini. Aliniomba tu bisibisi, kwa sauti ya kawaida.

Mume wangu alichelewa. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na mwenye vipuri alikuwa mtu wa Kasai naye; ilibidi kutafuta kwingine. Aliporudi jua lilikuwa limepita kichwani. Walifunga mpira na kurudisha gurudumu. Walijaribu mlimani mara ya pili, na kamionete ilisimama sawa. Jirani alifuta mikono, akasema mbele yangu, «Hakuna ugonjwa mwingine ninaoujua.» Nikasema nimesikia. Hapo ikawa yetu.

Tukampakia kwenda stesheni. Tulipokaribia tuliona watu wakitembea kuelekea mjini mikono mitupu, kama wanaotoka kusindikiza. Treni ilikuwa imekuja. Ilikuja bila mtu kuitazamia, ikajaa, hata juu ya mabehewa, ikaondoka. Waliokosa nafasi walikuwa wamebaki wamekaa kati ya masufuria na magodoro. Jirani alipita kati yao akiita jina la mke wake. Mama mmoja alimwambia: wale walipanda, yule mama hakutaka, askari wakamsukuma ndani na watoto, alikuwa akilia kwamba mume wake anakuja.

Alikaa chini. Mume wangu alimwambia arudi kulala kwetu. Alikataa; alisema akirudi, treni itakuja tena na kumwacha. Tulimpelekea chakula kila siku. Alikonda. Alizungumza na mume wangu habari za kamionete, inaendaje, na mume wangu alimjibu inaenda vizuri. Ilikuwa kweli. Kamionete ile ilitulisha miaka, na sikuwahi kula unga wake bila kuwafikiria.

Treni ya pili ilipokuja tulikuwapo. Alipata nafasi mlangoni, miguu inaning'inia. Nilimpa mkate na viazi. Alituambia asante, kwa heshima, kama mtu aliyetembelewa nyumbani.

Baadaye kukawa kimya. Tuliuliza habari zao kwa kila aliyetoka njia ya Kamina, inakopita treni ya Kasai. Mume wangu aliuliza mpaka alipougua, na aliuliza hata kitandani. Nilimzika katika makaburi ya Manika.

Mwaka uliofuata kifo chake alikuja mwanamume mmoja, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, anayefanya biashara ya mawese kwa treni. Alikuwa ameelekezwa nyumba yetu. Alivua kofia, akakataa kiti.

«Mama, kule Mwene-Ditu, Kasai, kuna mama mumoja anauza mafuta pale sokoni. Alisikia nakuja Kolwezi. Anakusalimia sana. Batoto beko, ila ule mudogo alikufa mu njia.»

Nilimshukuru Mungu kwa walio hai. Nikamngoja amalize, maana niliona hajamaliza.

«Anauliza kama bwana yake angali kwenu.»

Nilimwambia hapana. Nilimwambia alipanda treni iliyofuata, tulimwona sisi wenyewe.

«Basi nimwambie alishuka wapi?»

Nilisema sijui. Aliniuliza tena, taratibu, kama labda nimesahau, jina la stesheni yoyote. Nilisema sijui, tata. Aliomba maji. Nilimletea, akanywa amesimama, akanirudishia kikombe, akaenda kuliwahi soko.